Karatasi za Mtumishi

Andiko: 1 Yohana 4:1 na 4:20

 

Waliokuwa nasi mwezi uliopita wanakumbuka tulikuwa na mafundisho ya uamsho. Jumapili tatu mfululizo nilimtaja mtumishi mmoja wa zamani, Jonathan Edwards, mpaka watoto wa shule ya Jumapili wakalijua jina lake. Jumapili ya tatu, baada ya ibada ya pili, nilikuwa mlangoni nikisalimia watu. Kijana mmoja wa timu ya sifa alisimama kando, akangoja wengi waondoke. Halafu akanionyesha simu yake. "Pasta, ulijua huyu mtu alinunua msichana wa miaka kumi na minne?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwenye simu kuna kila kitu, hata shetani ana intaneti. Waliokuwa karibu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Sawa, Pasta," akaenda kutafuta matatu.

Sasa, kijana alikuwa amesema kweli. Nimelisoma jambo hili kwa wiki kadhaa, na kwa kuwa nilimjibu mbele ya watu, ni haki nimwombe msamaha mbele ya watu. Karatasi hii inaingia nyumba nyingi kuliko sauti yangu. Kijana wangu, nisamehe. Uliuliza swali zuri, na mimi nilikuficha nyuma ya mzaha.

Kwa wale ambao hawakuwepo, nieleze kidogo. Edwards alizaliwa mwaka 1703 huko Connecticut, wakati Marekani ilikuwa bado makoloni ya Waingereza. Alikuwa mhubiri wa mapokeo ya John Calvin, yale ambayo ndugu zetu Wapresbiteri wanayajua vizuri. Mwaka 1729 akawa mchungaji wa kanisa la Northampton, Massachusetts, akichukua nafasi ya babu yake. Halafu katika 1734 na 1735 Mungu akautembelea mji ule. Ulikuwa mji wa familia kama 200 tu. Edwards aliandika kwamba katika nusu mwaka, watu zaidi ya 300 walionekana kumpokea Kristo: wazee, vijana, hata watoto wadogo. Habari hizo zikachapishwa London mwaka 1737, na wahubiri wakazisoma, wakaanza kuomba na kwao pia iwe hivyo.

Miaka michache baadaye moto ukawa mkubwa zaidi. Watu walilia ibadani, wakaanguka, wakapiga kelele. Mnamo Julai 1741, Edwards akihubiri katika mji wa Enfield, vilio vilizidi mpaka ikabidi awaombe watu watulie ndipo aendelee. Mnaona? Wengine mnadhani mambo haya yalianza na sisi.

Na hapo ndipo wakubwa wa makanisa wakagawanyika. Wengine walisema kelele zile ni Roho Mtakatifu, wengine wakasema ni wazimu. Septemba ya mwaka huohuo Edwards akasimama pale chuo cha Yale, New Haven, akahubiri kutoka 1 Yohana sura ya 4, ile inayotuonya tusiamini kila roho bali tuzipime. Akataja mambo tisa ambayo hayathibitishi lolote. Mtu kuanguka chini hakuthibitishi kwamba Mungu yupo, wala hakuthibitishi kwamba hayupo. Kisha akataja alama tano za kweli: Yesu anainuliwa, ufalme wa shetani na dhambi unapigwa, Maandiko yanaheshimiwa, kweli inajulikana, na watu wanampenda Mungu na kuwapenda wanadamu. Mwaka 1746 alitoa kitabu kizima juu ya hisia za dini, chenye alama kumi na mbili za kumpima mtu aliyeguswa na Mungu kweli. Ile ya kumi na mbili ndiyo aliyoiandikia kurasa nyingi kuliko zote: matendo. Namna mtu anavyoishi, mwaka baada ya mwaka, nyumbani kwake.

Hayo ndiyo niliyowafundisha, na siyafuti. Nikiri pia kwamba tungeketi naye meza moja tungebishana, kwa sababu yeye aliamini karama kama kunena kwa lugha zilikoma zamani za mitume. Lakini vipimo vyake vimenisaidia miaka mingi, hasa wakati ule watu walipokuwa wakikimbilia kila hema lililo na kipaza sauti kikubwa. Ninyi wenyewe ni mashahidi.

Basi, ile habari ya msichana ilitoka wapi? Ilitoka kwenye karatasi.

Edwards alikuwa mtu wa kuandika. Yametufikia mahubiri yake yapatayo 1,200 yaliyoandikwa kwa mkono, mbali na madaftari ya mawazo, barua na maelezo ya Biblia. Na karatasi wakati ule ilikuwa ghali, kwa hiyo hakutupa kitu. Aliandika nyuma ya barua alizoletewa, kwenye risiti, kwenye vipande vilivyobaki mke wake na binti zake walipotengeneza vipepeo vya mkono. Mahubiri aliyashona kuwa vijitabu vidogo vya kiasi cha kiganja, kwa mwandiko mdogo unaoumiza macho. Alipokufa mwaka 1758 aliacha rundo.

Kwa miaka karibu 200 watu walichapisha kutoka rundo lile kile walichoona kinafaa kuwajenga waumini. Ndicho mimi nilichokuwa nacho kwenye rafu. Lakini wasomi wa Yale walianza kazi nyingine: kusoma kila kitu. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1957, ya 26 mwaka 2008. Sehemu nyingine ya maandiko yake haikuingia kwenye vitabu bali iliwekwa kwenye intaneti, bure, ambapo kijana mwenye simu anaweza kuisoma akiwa kwenye matatu. Msomi mmoja, Thomas Schafer, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kupanga madaftari tu, akitazama wino na alama zilizomo ndani ya karatasi ili ajue ukurasa gani uliandikwa lini. Mimi nilipolisoma hilo nilifikiri, huo ni uvumilivu wa kufunga na kuomba.

Ukisoma kila kitu, unasoma pia kile ambacho mwenyewe hakukiandika kwa ajili yako.

Ipo hati ya mauzo ya tarehe 7 Juni 1731. Iliandikwa Newport, Rhode Island, bandari iliyotengeneza pombe ya rumu kwa molasi, ikaipeleka rumu pwani ya Afrika Magharibi, na meli zikarudi na watu. Hati inasema mtu aitwaye Richard Perkins amemuuzia Jonathan Edwards wa Northampton msichana mweusi aitwaye Venus, umri wake miaka kumi na minne hivi, kwa pauni 80. Basi. Hakuna jina la baba, hakuna la mama, hakuna kabila. Hata hilo Venus huenda si jina alilopewa na mama yake. Ni jina la mungu wa kike wa Warumi, aina ya majina ambayo mabwana waliwapa watumwa wao.

Edwards alikuwa na miaka 27. Alikuwa mchungaji tayari, na mahubiri yake ya kwanza kuchapishwa yalitoka mwaka huohuo. Kutoka Northampton hadi Newport si kuvuka barabara. Hakukuwa na gari. Mtu anayefanya safari ile kwenda kununua mtoto amepata muda wa kutosha wa kufikiri njiani.

Nimejiuliza sana kwa nini alimtaka. Jibu si la ajabu. Samuel Hopkins, mwanafunzi wake aliyekaa nyumbani mwake, aliandika kwamba Edwards kwa kawaida alikaa chumba cha kusomea saa kumi na tatu kwa siku. Saa kumi na tatu! Wachungaji wenzangu tunasikia hilo tunaona aibu, tunaahidi kuongeza bidii. Lakini hebu tuulize kama watu wenye nyumba. Kulikuwa na watoto, mwisho wakawa kumi na mmoja. Kulikuwa na wageni kila wiki. Baridi ya Massachusetts inataka kuni mchana na usiku. Nani alichota maji? Nani alifua nepi? Mkewe Sarah alifanya kazi kubwa, na wote wanamsifu. Na nyuma ya Sarah kulikuwa na Venus. Baadaye kulikuwa na Leah, na wengine. Wasomi wamewapata kadhaa katika karatasi, kwa nyakati tofauti. Orodha ya mali iliyoandikwa Edwards alipokufa ina mvulana aitwaye Titus. Walimwandika kwenye fungu la mifugo, pauni 30.

Vitabu vile vizuri ninavyovipenda viliandikwa juu ya mabega ya hao.

Nilipofika hapo nilijaribu kumtetea. Nilisema, jamani, zilikuwa zama zake. Wote walifanya hivyo. Ninyi pia mtalisema, kwa hiyo niwaambie nilichokipata. Mwaka 1700, Edwards hajazaliwa, jaji wa Boston aitwaye Samuel Sewall alichapisha kijitabu kwa kutumia habari ya Yusufu kuuzwa na ndugu zake, akisema kumnunua mwanadamu ni dhambi. Kilichapishwa jimbo lilelile la Massachusetts. Hakikuwa siri.

Halafu kuna ile barua. Mwaka 1997 mwanahistoria wa Yale, Kenneth Minkema, alichapisha rasimu aliyoisoma katika karatasi za Edwards, rasimu ya miaka ileile ya uamsho. Katika mji wa Northfield washirika walikuwa wamemgeuka mchungaji wao, Benjamin Doolittle, na moja ya malalamiko yao ni kwamba anamiliki watumwa. Wachungaji wenzake walitaka atetewe, na Edwards akashika kalamu. Rasimu yenyewe imekatikakatika na si rahisi kuisoma, lakini mawazo yanaonekana. Anasema hao wanaolaumu nao wanakula matunda ya utumwa, kwa hiyo wasijifanye wasafi. Anasema Biblia iliruhusu watumwa. Lakini papo hapo, katika karatasi ileile, anageuka na kuilaani biashara ya kuwatoa watu Afrika. Anasema mataifa mengine hayana mamlaka ya kuwanyang'anya watu wa Afrika uhuru wao.

Niliisoma sehemu hiyo mara kadhaa. Mtu huyu aliona! Aliona kwamba kule pwani ya Afrika kuna wizi. Ila mali ya wizi ilikuwa jikoni kwake inapika uji, na kwa hiyo kalamu ikapinda. Ukitaka andiko, soma Kutoka 21:16, uone Torati inamhukumu nini mtu anayemwiba mtu, na yule anayepatikana naye mkononi. Edwards aliijua Torati kwa Kiebrania.

Na washirika wa Northfield, ambao hatujui wengi wao hata kwa majina, watu wa mashamba, ndio waliokuwa upande wa haki siku ile kuliko mtu mwenye akili kubwa zaidi katika makoloni yote. Wazee wa kanisa, mlitafakari hilo. Mshirika anapoleta lalamiko, hata kama amelileta kwa hasira, hata kama yeye mwenyewe ana kasoro zake, lalamiko linaweza kuwa la kweli.

Kuna jambo jingine lililonisumbua. Edwards huyohuyo aliwapokea Waafrika kanisani kama washirika kamili. Katika habari zake za uamsho anawataja kwa furaha watu weusi walioguswa na Mungu. Aliketi nao meza ya Bwana. Aliamini roho zao zina thamani sawa na yake mbinguni. Kisha ibada ikiisha, mmoja anarudi nyumbani kuwa bwana na mwingine anarudi kuwa mali. Hakuwa mnafiki wa aina tunayoijua, anayehubiri mchana na kuiba usiku. Alikuwa mtu mnyoofu aliyekuwa na chumba kimoja moyoni ambacho taa haikuwashwa. Hiyo inanitisha zaidi. Mnafiki anajijua.

Mwaka 2024 mwandishi mmoja Mmarekani, Sean McGever, alitoa kitabu kinachomlinganisha Edwards na wahubiri wawili wa wakati wake. George Whitefield, ambaye sauti yake ilitikisa Uingereza na Marekani, alimiliki watumwa na akapigania utumwa uruhusiwe kisheria katika koloni la Georgia. John Wesley alikaa miaka mingi bila kusema neno hadharani, kisha mwaka 1774, akiwa mzee wa miaka 70 na zaidi, akaandika kuupinga wazi. Nawaambieni, kuna tumaini kwa mzee anayekubali kujifunza. Mimi mwenyewe nimepita hamsini.

Sasa swali mliloniuliza Alhamisi kwenye maombi: je, tuvichome vitabu vyake?

Mimi sitavichoma. Niseme kwa nini, na mwenye maoni mengine tuonane. Ile alama ya kumi na mbili aliyoiandika yeye mwenyewe, kwamba moyo hupimwa kwa matendo ya kila siku, ndiyo inayomhukumu. Hatuhitaji kuazima mizani kutoka kwa wasioamini. Mizani yake mwenyewe inatosha, na ilikuwa sahihi. Ile alama ya tano, upendo kwa Mungu na kwa mwanadamu, aliitoa katika sura ileile ambapo Yohana anamwita mwongo mtu anayedai kumpenda Mungu asiyemwona huku akimchukia ndugu anayemwona. Venus alionekana kila asubuhi.

Na tazama Mungu alivyo. Watu waliolelewa kwenye mafundisho ya Edwards waliyachukua wakayafikisha mahali yeye alipokataa kufika. Yule Samuel Hopkins, mwanafunzi wake, mwaka 1770 alikwenda kuwa mchungaji wa kanisa moja huko Newport. Ndiyo, Newport ileile ya hati ya mauzo. Alisimama kwenye mimbari mbele ya watu waliotajirika kwa meli zile, akahubiri kwamba biashara hiyo ni dhambi, na mwaka 1776 akachapisha kitabu kutaka watumwa waachiliwe. Wengine walikasirika. Mtoto wa Edwards, aliyeitwa Jonathan kama baba yake, aliyekuwa na miaka kumi na miwili baba alipokufa na Titus akaandikwa na mifugo, alikuja kuwa mchungaji. Mwaka 1791 alihubiri New Haven kwamba biashara ya watumwa ni dhuluma. Sijui alimkumbuka nani alipokuwa akihubiri.

Halafu yuko Lemuel Haynes, na huyu ningependa watoto wetu walijue jina lake kuliko la Edwards. Alizaliwa Connecticut mwaka 1753, baba mweusi, mama mzungu, na wote wawili hawakumlea. Alipewa familia moja ya mkulima huko Granville, Massachusetts, awatumikie mpaka afike miaka 21. Alijifunza Biblia usiku baada ya kazi. Alipigana vita vya uhuru wa Marekani. Karibu na mwaka 1776 aliandika hoja yenye nguvu kwamba uhuru wanaoupigania wazungu ni wa mtu mweusi vilevile, na theolojia aliyoisimamia ni hiihii ya shule ya Edwards. Mwaka 1785 aliwekewa mikono kuwa mchungaji, na akalichunga kwa miaka 30 kanisa la wazungu huko Rutland, Vermont. Ile hoja yake haikuchapishwa. Ilikaa kama karatasi tu mpaka mwaka 1983, msomi mmoja alipoitoa. Zaidi ya miaka 200! Hati ya kumuuza Venus ilitunzwa, na hati ya Haynes nayo ilitunzwa. Karatasi hazina upendeleo.

Ningeweza kuishia hapo na mngesema Amina. Lakini nilipokuwa natayarisha mafundisho haya nilitoa madaftari yangu ya zamani ya mahubiri, nione mara ya kwanza nilimfundisha Edwards lini. Ilikuwa mwaka 2006. Somo lenyewe: alama za uamsho wa kweli. Nikafungua ukurasa wa mwisho wa daftari, na nyuma ya mahubiri yale kuna hesabu kwa mwandiko wangu.

Mwaka 2005 mama kanisa na mimi tulimleta msichana kutoka kijiji jirani na chetu, awe msichana wa kazi. Alikuwa amemaliza darasa la nane, miaka kumi na mitano. Nilimwambia mama yake, mbele ya mzee wa kijiji, kwamba atatusaidia na mtoto kwa mwaka mmoja, na Januari ikifika tutampeleka kidato cha kwanza. Januari ilifika. Mtoto wa pili akazaliwa, kanisa lilikuwa linajenga, pesa zikawa ngumu. Nikasema, Januari ijayo. Alikaa miaka mitatu, kisha akaondoka kimya siku ya Jumatatu.

Kwenye daftari nimeandika: "Msichana, 1,500." Mwezi baada ya mwezi. Mwezi mmoja nimeandika: "Msichana, 1,050. Flaski." Nilimkata shilingi 450 kwa flaski iliyovunjika. Jina lake halipo hata mara moja.

Sisemi alikuwa mtumwa. Tulimlipa, alikula mezani kwetu, mlango haukufungwa, na aliondoka alipotaka. Kuyaweka sawa na yale ya Newport ni kumkosea Venus. Lakini nakumbuka ile ibada ya nyumbani ya Ijumaa, tukiimba mpaka saa tano usiku, wengine wenu mlikuwepo, uwepo wa Mungu ulikuwa mzito kweli. Yeye alikuwa jikoni anangoja vikombe. Alikuwa wa kwanza kuamka kesho yake. Mimi niliamka saa mbili, nikaingia kusoma, nikaandika vizuri sana kuhusu alama ya kumi na mbili.

Yakobo 5:4 inasema habari ya ujira uliozuiwa unavyolia, na ni nani anayeusikia. Nilimwonyesha mama kanisa daftari. Akalisoma, akaketi. Akasema, "Hata mimi nilijua kuhusu shule." Tulikaa jikoni muda mrefu bila kusema kitu.

Kumpata ilichukua siku nne za kupiga simu. Ameolewa, anashona nguo sokoni katika mji mwingine, si mbali sana. Jumamosi iliyopita tulikwenda. Alitupokea kwa heshima, akatuita Baba na Mama kama zamani, akatuma mtoto chai. Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, nikatumia machache. Nikampa daftari alione, kwa sababu niliona ni haki yake.

Alisoma ukurasa wote kwa kidole. Alipofika kwenye flaski alicheka kwa sauti, mpaka jirani akageuka. "Baba, hii flaski ilivunjwa na mtoto wenu. Niliogopa kusema."

Kisha akanyamaza. Kuhusu shule hakusema neno. Alimwita yule binti aliyekuwa ameleta chai, akamshika begani. "Huyu anaingia Gredi ya Kumi Januari," akasema.

Mama kanisa akafungua mkoba, akatoa kalamu na karatasi, akamwomba mtoto aandike majina yake, yote matatu.